Kuchachusha Nafaka za Kuku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafuga kuku chotara hapa Dodoma: 50 wanaotaga, na vifaranga wanaokuja nyuma yao. Katika ufugaji wa kuku kinachomeza fedha ni chakula. Kati ya kila shilingi kumi zinazoingia bandani, sita au saba huishia kwenye chombo cha kulishia. Ndiyo maana watu wakisikia kuna namna ya kuloweka nafaka mpaka ichachuke na gharama ikashuka, maswali hayakomi. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara.

Kabla ya yote niseme jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: ndoo haizai chakula. Kilo tano za mahindi ulizoloweka ni kilo tano zilezile, hata zikivimba na kujaa hadi ukingoni. Faida ya kuchachusha ipo, tena ni ya kweli, ila haipo kwenye uvimbe huo.

Kuchacha si ndiko kuharibika? Kwetu mchuzi ukichacha unamwagwa.

Ni kweli, na lugha yenyewe inatuchanganya. Mchuzi uliochacha umeingiliwa na vijidudu vya kila aina, na hujui ni vipi. Lakini togwa nayo imechacha, mtindi umechacha, na uji wa chachu anaopewa mzazi umechacha. Tofauti ni nani aliyetangulia kuushika mtungi. Katika nafaka iliyofunikwa na maji, bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ndugu wa wale wa mtindi, huongezeka haraka kuliko wengine. Asidi yao inawakimbiza wale wa kuozesha. Harufu ikiwa ya togwa au mtindi, umefanikiwa. Ikiwa ya mzoga, choo au soksi zenye jasho, hicho kimeoza. Kimwage mbali na kuku.

Basi faida iko wapi hasa?

Ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa, ni kupungua kwa upotevu. Chakula kikavu cha unga kinapeperuka, kinamwagika, na kuku hukichambua: anaokota chenga za mahindi na kuacha vumbi, na kwenye vumbi hilo ndimo zilimo vitamini na madini uliyoyanunua kwa bei. Kikiwa na majimaji kiasi, kinashikana na analazimika kula vyote. Kwenye daftari langu, kilo 50 za mchanganyiko mkavu zilikuwa zinaisha kwa siku 8. Sasa zinafika siku ya 9. Si muujiza. Lakini kwa mwaka mzima ni magunia kadhaa ambayo sikuyanunua.

Ya pili ni usagaji tumboni. Fosforasi nyingi iliyo kwenye nafaka na pumba imefungwa ndani ya asidi ya faitiki, na kuku hana uwezo mkubwa wa kuifungua. Nafaka inapolowa na kuchachuka, vimeng'enya vyake vinaamka na kuanza kuifungua fosforasi hiyo. Kwa mtama mwekundu kuna nyongeza: ule uchungu unaokausha ulimi, yaani tanini, hupungua.

Ya tatu ni asidi yenyewe. Inaingia kwenye gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, na firigisi, na mazingira hayo bakteria kama salmonela hawayapendi.

Ya nne ndiyo ya mfukoni. Ukishajua kuchachusha unaweza kutumia mtama, uwele, chenga za mchele na pumba za mahindi kwa wingi kidogo kuliko zamani, kwa sababu kuku wanazipokea vizuri zaidi. Baada ya mavuno, kuanzia Mei hivi hadi Julai, mtama huku kwetu hushuka bei. Wakati huo ndio ninaokwenda soko la nafaka la Kibaigwa na kununua wa miezi kadhaa.

Nianze vipi, hatua kwa hatua?

Tafuta ndoo tatu za plastiki zenye mifuniko. Usitumie debe la bati wala ndoo ya mabati. Asidi inayeyusha zinki iliyopakwa juu yake na kuiingiza kwenye chakula, na zinki nyingi ni sumu kwa kuku.

Peleka mahindi au mtama mashineni ukaparazwe. Usisage kuwa unga, kwa sababu unga hugeuka ujiuji unaonata mdomoni mwa kuku. Nafaka nzima nayo inafaa kwa kuku wakubwa, ila inachukua muda zaidi kulowa, na kuku wasiotoka nje wapewe kokoto ndogo au mchanga wa mtoni ili firigisi ifanye kazi.

Pima nafaka ikiwa kavu, andika, kisha mimina ndooni. Kwa kila kilo moja weka maji lita moja na nusu. Koroga, subiri saa chache, rudi uangalie. Nafaka itakuwa imeyanywa maji, kwa hiyo ongeza mpaka yaifunike kwa upana wa vidole viwili. Hilo la kuifunika ndilo linaloamua kila kitu. Punje inayoelea juu ya maji ndiyo inayoota ukungu.

Weka mfuniko bila kuukaza sana, maana kuna gesi inayotoka. Koroga asubuhi na jioni. Weka ndoo kivulini, mbali na jua na mbolea ya banda.

Ndoo zinakuwa tatu ili moja iwe inaanza, ya pili iko njiani, ya tatu unalisha. Ukimaliza ya tatu, unaijaza upya, na mzunguko hausimami.

Inachukua siku ngapi?

Inategemea joto. Oktoba na Novemba hapa Dodoma siku mbili zinatosha. Julai usiku ukiwa na baridi, ipe siku tatu au nne. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inaweza kuwa tayari kwa saa 36 hivi. Njombe na Makete, au Limuru upande wa Kenya, usishangae ikienda siku tano. Dalili ni viputo vidogo vinavyopanda ukikoroga, maji yaliyopauka kama maziwa, na ile harufu ya uchachu safi. Ukipata karatasi za kupimia asidi, tafuta kati ya 4 na 4.5.

Ukimaliza ndoo ya kwanza usimwage maji yote. Bakuli moja la maji yale ukitia kwenye ndoo mpya, kazi inakwenda haraka zaidi, kama vile mama anavyobakiza mtindi kidogo kwenye kibuyu.

Niongeze hamira, sukari guru au chumvi?

Hapana, vyote vitatu. Bakteria unaowataka tayari wamo kwenye maganda ya nafaka. Hamira na sukari zinavuta kazi upande wa pombe. Chumvi kuku anaihitaji kidogo mno, na anaipata kwenye mchanganyiko mkavu. Ukiiongeza ndooni, halafu dagaa nao wana chumvi yao, utaona wanakunywa maji kupita kiasi na kuhara.

Kuku hawatalewa?

Hawatalewa kwa ndoo iliyofuata utaratibu. Ikinuka pombe kali, imekaa sana au imepata joto kupita kiasi. Ikikutokea, chuja maji yote, iache wazi kwa muda, na uilishe kidogo kidogo pamoja na chakula kikavu. Ndoo inayofuata ifupishe kwa siku moja.

Kuna utando mweupe juu. Nimwage?

Utando mwembamba, laini, usio na manyoya, ambao ukiukoroga unapotea, ni hamira ya asili. Uchote uutupe na uendelee. Lakini ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi, ya machungwa au ya waridi, mwaga ndoo nzima. Usijaribu kutoa sehemu iliyoharibika na kubakiza iliyo chini. Mizizi ya ukungu huwezi kuiona kwa macho.

Nina mahindi yaliyonyeshewa na kuota ukungu. Kuchachusha kutayaokoa?

Hapana. Swali hili naliombea lisomwe na kila anayefuga, kwa sababu nalisikia mara nyingi mno, na wanaouliza ni watu wenye nia njema wanaojaribu kuokoa hasara.

Ukungu wa mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu, na ile mbaya kuliko zote ni aflatoksini. Sumu hiyo haiishi kwa kulowekwa, kuchemshwa jikoni wala kuchachushwa ndooni. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na ilipochunguzwa ikaonekana walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu kutoka Brazil. Aflatoksini iligunduliwa kutokana na vifo hivyo. Yaani dunia ilijifunza sumu hii kupitia ndege wafugwao.

Na haiishii kwa ndege. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa zimeathirika zaidi, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu ya huku kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na watu walikufa. Kwa hiyo mtu akinishauri "yaliyoharibika wape kuku", siwezi kukaa kimya. Kuku aliyelishwa aflatoksini kidogo kidogo haanguki ghafla. Ini lake linaharibika, anadumaa, mayai yanapungua, kinga inashuka hata chanjo isishike vizuri, na sumu kiasi inaweza kupita kwenye yai na ini unalokula. Bata ndio dhaifu zaidi, usiwajaribishe.

Nunua nafaka iliyokauka: punje ukiing'ata ivunjike kwa mlio, isibonyee. Ihifadhi juu ya chanja, si sakafuni. Ukiona punje zenye vumbi la kijani au njano, au harufu ya uvundo, ziteketeze.

Nipime kiasi gani kwa kuku mmoja?

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na mimi niliumia. Kuku anayetaga anahitaji takriban gramu 110 hadi 120 za chakula kikavu kwa siku. Nilipoanza nilipima gramu 120 za kile kilichotoka ndooni kikiwa na maji. Wiki ya pili mayai yakashuka kutoka 38 kwa siku hadi 24. Nikahisi ugonjwa, nikanunua dawa ya minyoo, nikabadilisha matandiko. Kumbe kuku walikuwa wanashinda na njaa. Kilo moja ya mahindi yaliyoparazwa, ikishalowa na kuchujwa, ina uzito wa kilo 1.6 hadi 1.8. Ukipima cha mvua kama kikavu, unampa kama sehemu sita tu kwa kumi za anachostahili, na hiyo "nafuu" unayoiona ni njaa ya kuku.

Ndiyo maana nimesisitiza upime kabla ya kuloweka. Ukijua ndoo ya leo iliingia kilo tatu kavu, basi ni kilo tatu zinazolishwa, zivimbe zisivimbe.

Naweza kuwalisha nafaka iliyochachushwa peke yake?

Kwa kuku anayetaga, hapana. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu, mtama karibu 10. Kuku wa mayai anataka asilimia 16 hadi 17. Halafu ganda la yai linataka kalsiamu, na nafaka inayo kidogo mno. Nafaka tupu itamnenepesha, atajaa mafuta tumboni, na mayai yatapungua.

Mchanganyiko wangu kwa kilo 10 kavu ni huu: mahindi au mtama kilo 4.5, pumba za mahindi kilo 1.4, mashudu ya alizeti kilo 1.7, dagaa waliosagwa kilo 1, soya iliyokaangwa nusu kilo, makombe (maganda ya viumbe wa majini) yaliyosagwa gramu 850, na gramu 50 zilizobaki ni premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi nusu kwa nusu. Kati ya hivyo, kinachoingia ndooni ni nafaka na pumba tu. Vingine vyote nachanganya vikiwa vikavu dakika ya mwisho, na vinayanyonya maji yaliyobaki kwenye nafaka. Chakula kinatoka kikiwa kama makapi ya nazi yaliyokamuliwa: kinashikana ukikibonya, ukikiachia kinasambaratika.

Kwa nini nisitie kila kitu ndooni mara moja?

Makombe na chokaa zinaua uchachu. Asidi yote inaishia kupambana nazo, na ndoo inabaki mahali ambapo bakteria wabaya wanastawi. Majivu nayo yako hivyohivyo. Dagaa wakikaa majini siku mbili wananuka na kuvuta nzi wa mtaa mzima. Vitamini za premiksi zinaharibika, na baadhi ya protini muhimu huliwa na vijidudu ambavyo hukuvikusudia kuvilisha.

Kwa sababu hiyohiyo, chakula kamili cha dukani usikiloweke kwa siku nyingi. Ukitaka kukilowesha, loweka kile cha mlo mmoja, kiliwe siku hiyohiyo.

Soya mbichi nikiichachusha inatosha?

Haitoshi. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini kusagwa tumboni, na dawa yake ya uhakika ni moto. Ikaange mpaka inukie kama karanga, ndipo uisage.

Mtama haupaushi kiini cha yai?

Unapausha. Mtama mweupe kama Macia na Tegemeo, na uwele pia, hauna ile rangi iliyomo kwenye mahindi ya njano. Yai ni lilelile, lakini mteja akivunja yai akakuta kiini cheupe atakuambia ni la kizungu. Mimi huweka nusu mahindi ya njano nikiyapata, la sivyo naning'iniza mafungu ya mchicha na matembele bandani ili kuku wayadonoe. Baada ya wiki moja au mbili rangi inarudi.

Mtama ukianza kuota usiusubiri urefuke. Machipukizi ya mtama yana sumu ya jamii ya ile ya muhogo mchungu. Ndoo yenye maji ya kutosha haioti. Ukiona vichipukizi, maji yalikuwa machache.

Vifaranga je?

Wape wakifika wiki ya pili au ya tatu, kilichosagwa laini, kidogo tu, pamoja na chakula chao cha kawaida. Vifaranga wanakanyaga chakula na kulowesha matandiko, na matandiko yenye unyevu ndiyo nyumba ya koksidia, wale wa kuhara damu. Kwenye bruda, yaani pale vifaranga wadogo wanapolelewa kwa joto, mimi sithubutu kabisa.

Broila?

Siwashauri kuwageuza wote. Broila ana wiki chache tu za kukua, na chakula chake kimepigiwa hesabu kali. Ukilegeza protini kidogo umepoteza uzito ambao huurudishi.

Kuku wangu wamekataa kula.

Kuku hapendi mabadiliko. Siku tatu za kwanza robo tu ya chakula iwe cha ndooni, kisha nusu, kisha umalize. Wape asubuhi wakiwa na njaa. Wakikataa kabisa baada ya wiki, nusa ndoo yako tena kwa makini, pengine wao wamenusa kitu kabla yako.

Kikibaki kwenye chombo mpaka jioni?

Kisibaki. Wape kiasi kinachoisha ndani ya saa mbili au tatu, mara mbili kwa siku. Mabaki yatolewe, chombo kioshwe. Joto la mchana likikuta chakula cha majimaji kimetandazwa wazi, uchachu safi unageuka kuoza, nzi wanataga, na gole la kuku linaanza kuvimba. Kazi hii ya kuosha vyombo kila siku ndiyo bei halisi ya kuchachusha. Kama huna mtu wa kuifanya, baki na chakula kikavu, hutakuwa umekosea.

Maji ya bomba yanafaa?

Yanafaa, ila yenye klorini yaache kwenye beseni wazi usiku kucha kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huchelewesha uchachu. Changanya na ya mvua ukiweza.

Machicha ya pombe si yamechachuka tayari?

Yamechachuka, na yana protini kuliko nafaka yenyewe, kwa kuwa wanga wake umeshatumika. Lakini yana makapi mengi na yanaharibika haraka. Yachukue ya siku hiyo, yalishe ndani ya siku mbili, na yasizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula ukipima kikavu. Machicha ya nazi ni habari nyingine: mafuta yake yanachacha vibaya, yape siku hiyohiyo au yaache.

Nikichachusha, naweza kuacha chanjo?

Usiache. Hakuna ndoo inayozuia mdondo. Endelea na chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na zile za gumboro na ndui kama ulivyoelekezwa na mtaalamu wa mifugo wa eneo lako. Nimeona banda zima likifagiliwa na mdondo kwa sababu mwenyewe aliambiwa kwamba uchachu ni kinga. Asidi ndooni na kirusi angani havikutani.

Nikisafiri siku tatu nani atakoroga?

Ndoo iliyokwisha kuchachuka vizuri na kufunikwa na maji inaweza kukaa siku tatu bila kuguswa, hasa ikiwa mahali pa baridi. Isiyoiva ndiyo ya kuhofia. Mimi siku moja kabla ya safari siloweki kitu kipya. Naacha mchanganyiko mkavu uliopimwa kwenye mifuko, mfuko mmoja kwa siku moja, na kijana anayebaki nyumbani anamimina tu. Kuku hawagomi wakirudishwa kwenye chakula kikavu kwa siku tatu, mradi maji ya kunywa yaongezwe, kwa sababu sasa hawayapati tena kwenye chakula.